Neno na Tukio: Maisha ya Mwalimu Nyerere Katika Taarifa za Habari

1.0 Utangulizi

Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere yamekwisha kuandikwa mara nyingi na kwa njia mbalimbali. Wapo waliomtazama kama mpigania uhuru, wapo waliomchambua kama mwanafalsafa wa siasa, na wapo waliomsoma kama mshairi na mfasiri. Upande mmoja wa maisha hayo ambao aghalabu hupitiwa kwa haraka ni uhusiano wake na taarifa za habari. Kwa zaidi ya miaka 40 Watanzania wengi hawakuyapata maneno yake kwa kumsikia ana kwa ana. Waliyapata baada ya maneno hayo kupita katika mikono ya mwandishi au mhariri, ambaye alikuwa ameyafungamanisha na jambo fulani lililotokea siku hizo.

Makala haya yanayasimulia maisha ya Mwalimu kwa kuufuata uhusiano huo. Hoja inayotetewa ni kwamba maana ya tamko la kiongozi katika taarifa ya habari haitokani na maneno yake peke yake. Hutokana pia na tukio ambalo mwandishi amelichagua liwe jirani ya tamko hilo. Kiswahili kina zana nyingi za kuujenga ujirani huo. Neno 'kufuatia' na fungu la maneno 'baada ya' hueleza mpangilio wa wakati, lakini msomaji huyasikia kama sababu. Neno 'huku' huyaweka mambo mawili bega kwa bega pasipo kudai wazi kwamba yanahusiana. Kiambishi -ka- hupanga vitendo katika mfuatano, na kitendo cha pili kikaonekana kuzaliwa na cha kwanza. Mwandishi makini huzitumia zana hizo kuonyesha uhusiano uliopo. Mwandishi mwenye haraka, au mwenye lengo lake, anaweza kuzitumia kuunda uhusiano usiokuwapo, na bado kila sentensi yake ikawa sahihi ikitazamwa peke yake.

Mwalimu Nyerere anafaa kuchunguzwa kwa sababu alisimama katika pande zote tatu za jambo hili. Aliwahi kuwa mhariri aliyeunganisha vitendo vya wakubwa na hali ya nchi, akashitakiwa kwa ajili hiyo. Alikuwa msemaji ambaye matamshi yake yaliunganishwa na matukio kila siku. Tena alikuwa mkuu wa nchi ambaye serikali na chama chake vilimiliki magazeti na redio. Mfano mmoja utakaotazamwa kwa kirefu unatoka katika mkoa wake mwenyewe wa Mara, upande wa Manchira, ambako tamko lililotolewa mwaka 1973 liliwafikia watu likiwa limekwisha kuwa amri.

2.0 Kutoka Butiama hadi ukurasa wa barua

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake alikuwa Mgaya wa Nyang'ombe. Utoto wake ulipita karibu na baraza la mtemi, na baadaye alieleza mara nyingi jinsi wazee walivyokuwa wakizungumza mpaka wanakubaliana. Jambo moja la baraza hilo lina umuhimu kwa mada hii. Katika mkutano wa namna ile msemaji, wasikilizaji na tukio linalozungumzwa huwa mahali pamoja. Ng'ombe aliyeibwa anajulikana, mwenye ng'ombe yupo, na mtuhumiwa yupo. Hakuna anayehitaji kuelezwa kuwa neno fulani linahusu jambo gani, na anayelipotosha hurekebishwa papo hapo. Taarifa ya habari inayakosa mambo hayo yote, na kwa hiyo hulazimika kuweka kiungo badala yake.

Mwaka 1934 kijana huyo alianza shule Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Alibatizwa mwaka 1943 na kupewa jina la Julius. Mwaka huohuo alianza masomo Makerere, na akiwa huko aliandika barua iliyochapishwa katika gazeti la Tanganyika Standard, akijadili ujamaa wa Kiafrika. Gazeti hilo, lililoanza mwaka 1930, lilikuwa la Kiingereza na lilisomwa zaidi na walowezi, wafanyabiashara na maofisa wa serikali. Kwa wasomaji wa Kiswahili gazeti lililojulikana zaidi lilikuwa Mambo Leo la serikali, lililoanzishwa mwaka 1923. Mwanafunzi wa Kizanaki aliyetaka kusema na watawala alipaswa kuingia kupitia ukurasa wa barua za wasomaji, mahali ambapo mwandishi wa barua huieleza mwenyewe sababu ya kuandika. Huo ulikuwa wakati wa pekee katika maisha yake ambapo maneno yake yalichapishwa bila kufungamanishwa na cheo chochote.

Baada ya kufundisha Tabora na kusoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, alirudi nchini na kufundisha Pugu. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York. Aliporejea alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akauacha ualimu. Kwa miezi kadhaa ya mwaka huo alikuwa nyumbani Mara, akimfundisha padri wa Maryknoll, Arthur Wille, lugha ya Kizanaki na kufasiri maandiko ya dini kwa lugha hiyo. Kazi ya kufasiri ni kazi ya kulihamisha neno kutoka muktadha mmoja hadi mwingine bila kuipoteza maana yake. Yamkini hakuna maandalizi bora kuliko hayo kwa mtu ambaye muda si mrefu angekuwa mhariri.

3.0 Mhariri mshitakiwa

Mwanzoni mwa mwaka 1957, baada ya mkutano mkubwa wa hadhara mjini Dar es Salaam, serikali ya Gavana Twining ilimkataza Nyerere kuhutubia mikutano. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba hotuba zake zilielekea kuleta fujo. Hapa pana aina ya kwanza ya kiungo inayostahili kuangaliwa: tamko likiunganishwa na tukio ambalo bado halijatokea. Fujo iliyohofiwa haikuwa imeonekana Tanganyika, bali mambo ya Kenya ya miaka hiyo yalitosha kuwa kivuli chake. Msemaji aliadhibiwa kwa tukio la nchi jirani.

Katika mwaka huo wa 1957 TANU ilikuwa na jarida lake dogo, Sauti ya TANU, lililochapwa kwa mashine ya stensili, na Nyerere ndiye aliyekuwa mhariri wake. Mwaka 1958 aliandika humo makala iliyowatuhumu maofisa wakuu wawili wa wilaya kwamba walivunja sheria katika kukikandamiza chama. Makala hiyo ilichukua vitendo vya maofisa wale na kuviunganisha na hali ya jumla ya siasa: uchaguzi wa kura tatu uliokuwa unakaribia, ambao TANU iliamua kushiriki katika mkutano wake wa Tabora Januari 1958, na hatari kwamba wananchi wangechokozwa mpaka wavunje amani na hivyo kuipa serikali kisingizio. Serikali ilimshitaki kwa kosa la kashfa. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili Mwingereza aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Agosti 1958 alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa kwa michango. Mwaka huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi.

Kesi hii ina funzo kubwa zaidi ya simulizi ya ushujaa ambayo imezoeleka. Mahakama haikuuliza kama hali ya nchi ilikuwa mbaya, bali kama mambo mahususi aliyoyadai mwandishi kuhusu watu wawili mahususi yangeweza kuthibitishwa. Kwa maneno mengine, kilichopimwa kilikuwa kiungo. Mhariri aliweza kuwa na haki katika picha kubwa na bado akashindwa katika uthibitisho wa jambo dogo lililoibeba picha hiyo. Nyerere alitoka mahakamani akiwa na umaarufu mkubwa kuliko alioingia nao. Taarifa za kesi ziliyafanya madai ya jarida dogo la stensili yajulikane na watu ambao hawangelisoma kamwe, na hivyo mashitaka yenyewe yakawa ndiyo tukio jipya ambalo matamshi yake yaliunganishwa nalo.

4.0 Utabiri na kimya

Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alieleza nia ya watu wa Tanganyika kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, ili umulike hata nje ya mipaka ya nchi. Ilikuwa sitiari ya kibunge. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika mwenge huo kileleni, na tangu siku hiyo taarifa za habari huyasimulia mambo hayo mawili kama ahadi na utimizo wake. Hii ni aina ya pili ya kiungo: tukio limetengenezwa ili lilijibu tamko lililotangulia. Hakuna upotoshaji hapa, kwa kuwa waliolipanga tukio walikusudia hivyo. Hata hivyo mazoea ya kumsoma kiongozi kama mtabiri yalianza hapo, na yatakumbukwa mbele.

Januari 1964 ilileta jambo lililo kinyume kabisa. Tarehe 12 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20 wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Rais hakuonekana wala kusikika siku hiyo, na aliyesema na wananchi kwa redio alikuwa Oscar Kambona. Nyerere alizungumza redioni kwa ufupi siku iliyofuata. Kwa muda huo mfupi nchi ilikuwa na tukio kubwa pasipo tamko la kiongozi wake, na pengo lilijazwa na uvumi. Wengine waliunganisha uasi na Zanzibar, wengine na mataifa ya nje, kwa sababu tu mambo hayo yalitokea karibu karibu. Kimya cha kiongozi nacho huripotiwa, na ni chepesi zaidi kuunganishwa na lolote, kwa sababu hakina maneno ya kupinga kiungo kilichowekwa.

5.0 Rais mwenye magazeti

Baada ya Uhuru chama kilikuwa na magazeti yake: Uhuru kwa Kiswahili kuanzia 1961 na The Nationalist kwa Kiingereza kuanzia 1964. Tarehe 5 Februari 1970, miaka mitatu kamili baada ya Azimio la Arusha, serikali iliitaifisha The Standard. Nyerere akawa mhariri mkuu wake kwa cheo, na Frene Ginwala, raia wa Afrika Kusini, akawa mhariri mtendaji. Katika mwongozo alioutoa siku hiyo, Rais alilitaka gazeti liwe la kijamaa, lakini liwe na uhuru wa kukosoa utekelezaji na hata sera mahususi.

Mwongozo huo ulijaribiwa mapema. Julai 1971 serikali ya Nimeiry nchini Sudan iliponea jaribio la mapinduzi, na viongozi wa kikomunisti wakauawa. The Standard iliandika tahariri ya kulaani mauaji hayo. Muda mfupi baadaye Ginwala aliondolewa. Ugumu ulikuwa katika muundo wenyewe. Gazeti ambalo mhariri wake mkuu ni Rais haliwezi kutoa maoni yanayosomwa kuwa ya gazeti tu. Kila tahariri kuhusu tukio la nchi nyingine huwa, kwa macho ya nchi hiyo, tamko la Ikulu. Msomaji wa Khartoum alikiweka kiungo mwenyewe, na kwa mantiki ya cheo hakukosea.

Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist ziliunganishwa kuwa Daily News, na Benjamin Mkapa, aliyekuwa ameihariri The Nationalist tangu 1966, akawa mhariri wake. Mwaka 1976 ilitungwa sheria ya kuunda Shirika la Habari Tanzania, Shihata. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1970 njia ya neno la Rais kutoka Dar es Salaam hadi mkoani ilikuwa moja tu, ikipita katika vyombo vya serikali na chama. Hapakuwa na gazeti la pili la kuliunganisha neno hilo na tukio jingine.

6.0 Neno lililofika Manchira

Manchira ni mto unaopita karibu na Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mashariki ya Butiama, na jina lake limelipata pia bwawa linalotegemewa kwa maji ya mji huo. Eneo hilo, pamoja na upande wa Tarime, lina Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo, watu wa kilimo, mifugo na uwindaji. Walizoea kujenga miji iliyotawanyika, mashamba na malisho yakiwa karibu na nyumba.

Mapema katika miaka ya 1970 habari ziliwafikia wakulima wengi wa nchi kwa Radio Tanzania. Redio ilikuwa pia chombo cha elimu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika makundi ya kusikiliza, wakasikia kipindi, wakajadili, kisha wakatekeleza walichoelekezwa, mathalani kuchimba vyoo. Utaratibu huo uliwazoesha viongozi wa vijiji kuisikia redio kama maelekezo ya kazi.

Septemba 1973 mkutano mkuu wa TANU uliazimia kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji kufikia mwisho wa 1976. Tarehe 6 Novemba Rais alizungumza. Hotuba ilikuwa na mambo mengi. Aliorodhesha yaliyofanywa na serikali tangu Uhuru, ikiwamo kufutwa kwa kodi ya kichwa na kupanuliwa kwa elimu, afya na maji, kisha akahoji wakulima nao wamefanya nini. Kesho yake Daily News iliwapa wasomaji kiini kimoja: kuishi vijijini sasa ni amri. Kiungo kilichowekwa kilikuwa kati ya tamko hilo na tarehe ya mwisho iliyowekwa na chama. Jambo moja halikuunganishwa. Katika waraka wake wa Oktoba 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, Rais huyohuyo alikuwa ameeleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa kwa nguvu, na kwamba kijiji cha ujamaa huundwa na wale wanaokikubali. Taarifa iliyoyaweka matamshi hayo mawili katika safu moja ingemlazimisha msomaji, na ofisa wa wilaya pia, kuuliza ni lipi linalotawala. Taarifa iliyoliweka la pili karibu na tarehe ya mwisho ilimwachia swali moja tu, nalo ni la kasi ya utekelezaji.

Mwaka 1974 operesheni ilifika mkoani Mara. Watu wa Serengeti ya magharibi waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika na kupangwa katika vijiji vya mistari. Katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi, na katika maeneo ya wafugaji kukaa pamoja kuliyafanya malisho yaliyo karibu yaishe upesi. Miaka hiyo ilikuwa pia ya ukame na uhaba wa chakula, hali ambayo taarifa rasmi zilielekea kuieleza kwa hali ya hewa, huku wakosoaji wakiiunganisha na kuhamishwa kwa watu wakati wa kilimo. Hapa pana aina ya tatu ya kiungo, iliyo nzito kuliko zote: tamko ambalo, kwa jinsi lilivyoripotiwa, hulizaa tukio. Ofisa aliyesimama mbele ya mji wa mkulima kando ya Manchira alikuwa na waraka wa mkoa, lakini alikuwa pia na gazeti na redio. Mkulima hakuwa na namna ya kurudi kwenye hotuba nzima.

Haitakuwa haki kumwondolea Mwalimu dhamana kwa kuitwika gazeti. Maneno yalikuwa yake, na vyombo vilikuwa vya serikali yake. Katika tathmini aliyoitoa mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alitaja kuwa zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wanaishi katika vijiji 7,684. Alikiri kwamba baadhi ya viongozi waliwatendea watu vibaya, lakini alishikilia kwamba haiwezekani mamilioni ya watu wawe wamehamishwa kwa nguvu tupu. Utetezi huo unagusa kiini cha mada hii. Aliwaona maofisa wachache waliozidisha, lakini hakuuzungumzia mkondo wa habari uliowafanya waamini kuwa wanatii.

Watu wa Manchira wana tamko jingine lake ambalo hurudi kwao mara kwa mara. Septemba 1961, katika mkutano wa uhifadhi mjini Arusha, Nyerere alitia saini tamko la kuahidi kuwalinda wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo, tamko ambalo imeelezwa kuwa wahifadhi wa kigeni walishiriki kuliandika. Lilitolewa miezi mitatu kabla ya Uhuru, nchi ikihitaji wataalamu na fedha. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ilikuwa tayari jirani ya watu hao, na mwaka 1994 yalitangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Habari za ujangili au mipaka zinapoandikwa, tamko la 1961 mara nyingi huwekwa mwanzoni mwake kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Mwaka wake huachwa, waliokuwapo huachwa, na mkulima aliyeliwa mazao na tembo huonekana kubishana na Baba wa Taifa.

7.0 Vita na mikanda

Hotuba ya tarehe 2 Novemba 1978 inaonyesha kiungo kikiwa mahali pake. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kulitwaa eneo la kaskazini ya mto huo. Nyerere aliwaeleza wazee wa Dar es Salaam, na nchi nzima kwa redio, kilichotokea, kisha akataja kwamba Tanzania ina sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi. Msemaji mwenyewe ndiye aliyelifunga neno lake kwenye tukio. Tukio lilikuwa na tarehe na mahali, na yeyote aliweza kulihakikisha. Mwandishi hakuwa na la kuongeza.

Kampala ilianguka Aprili 1979, na mwaka huohuo Rais aliwataka wananchi wajifunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na dhiki haikupita. Magazeti ya umma hayakuirudia hesabu hiyo, lakini wananchi waliirudia mitaani, katika foleni za sabuni na unga. Pale vyombo vya habari visipokiweka kiungo kilicho dhahiri, wasikilizaji hukiweka wenyewe, na aghalabu kwa kejeli.

8.0 Mzee wa Butiama na magazeti mapya

Nyerere aliondoka Ikulu Novemba 1985 na kuuacha uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Makazi yake yakawa tena Butiama, shambani. Hakuwa na gazeti wala redio, na kwa mara ya kwanza tangu 1961 maneno yake yaliripotiwa na watu ambao hawakuwa chini yake.

Februari 1990, wiki chache baada ya tawala za chama kimoja za Ulaya ya Mashariki kuanguka na Ceaușescu kuuawa, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba Tanzania ina la kujifunza kutoka huko, na kwamba mfumo wa chama kimoja si kitu kitakatifu. Kiungo na matukio ya Ulaya alikiweka yeye. Hata hivyo taarifa nyingi zilikwenda mbele zaidi na kumfanya aonekane ameamua kuwa vyama vingi vije, jambo ambalo lilikuwa bado la kujadiliwa. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliundwa mwaka uliofuata. Wengi wa waliohojiwa walipendelea chama kimoja, lakini tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Taarifa zilizoanza na neno la Februari na kuishia na sheria ya 1992 ziliwasahaulisha wasomaji wananchi hao wengi waliosema kinyume.

Mwaka 1993 alikitumia kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kuyajibu masuala ya Muungano na hoja ya serikali ya Tanganyika. Inafaa kuona kwamba kwa jambo lililomgusa kuliko yote alichagua umbo ambalo halihitaji mwandishi wa kati. Kisha, Machi 1995, alikutana na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, akataja nyufa alizoziona katika nyumba ya taifa: Muungano, utawala wa sheria, rushwa, ukabila na udini. Alieleza sifa za rais ajaye kwa jumla, na Mei Mosi huko Mbeya akarudia mengi ya hayo. Uchaguzi ulikuwa Oktoba. Magazeti binafsi, yakiwamo Majira na Rai yaliyokuwa yameanza miaka miwili tu kabla, yalikuwa na kazi ya kuyahusisha maneno yasiyo na majina na watu wenye majina. Wasomaji walitaka kujua ni nani anayesemwa, na kila kambi ilimsoma mpinzani wake katika kila sifa mbaya. Julai 1995 mkutano mkuu wa CCM ulimteua Mkapa, mhariri wa zamani. Tangu hapo hotuba za Machi na Mei zilisimuliwa kana kwamba tangu mwanzo zilikuwa na jina moja ndani yake.

Mwalimu alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, na Rais Mkapa ndiye aliyelitangazia taifa. Alizikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo.

9.0 Hitimisho

Kifo hakikuukatisha mkondo huu. Katika Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 waliotaka serikali mbili na waliotaka serikali tatu walimtaja wote, na taarifa za siku hizo zilimwonyesha akiwa upande huu asubuhi na upande ule jioni. Msemaji aliye hai anaweza kukanusha kiungo. Aliyekufa hawezi, na kwa hiyo dhamana yote humwangukia mwandishi na mhariri.

Maisha yaliyosimuliwa hapa yanaonyesha namna tatu kuu za kuunganisha tamko na tukio: tamko linaloshitakiwa kwa tukio lisilokuwapo, tukio linalotengenezwa au kusomwa kama utimizo wa tamko, na tamko ambalo taarifa hulifanya lizae tukio. Katika kila namna wasomaji huhitaji mambo yaleyale: mwaka na mahali tamko lilipotolewa, swali au jambo lililolileta, maneno mengine ya msemaji yaliyo kinyume chake, na kuelezwa wazi kama kiungo kimewekwa na msemaji au na mwandishi. Mwaka 1958 mahakama ilimdai Nyerere uthibitisho wa kila alichokiunganisha katika jarida la stensili. Hakuna aliyelidai gazeti la Novemba 1973 uthibitisho wa namna hiyo, wala redio iliyolifikisha neno lake hadi Manchira. Tofauti ya gharama kati ya mambo hayo mawili, faini ya shilingi 3,000 upande mmoja na miji ya wakulima upande wa pili, ni sababu ya kutosha kwa wanaofundisha uandishi wa habari kwa Kiswahili kuyapa maneno madogo kama 'kufuatia' na 'baada ya' uzito ambao sarufi peke yake haiyapi.